Kikao Bila Mjomba

Nilianza ualimu mkuu mwaka 2003, katika shule moja ya msingi ya kata ya Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wamefurika darasa la kwanza, wengine wanasomea chini ya mwembe, na kila shule imeagizwa kuwa na akaunti benki na kamati ya kusimamia fedha pamoja na ujenzi. Kwenye makaratasi nilikuwa na kila kitu. Nilipoitisha kikao cha wazazi kuzungumzia darasa jipya, walikuja akina baba wachache, wakakaa kwenye madawati ya watoto, wakaafiki yote niliyosema, wakaaga kwa adabu. Wiki zikapita. Hakuna aliyeleta hata jiwe.

Aliyenieleza sababu ni mjumbe wa kamati ya shule, mama wa makamo aliyekuwa akiuza mdalasini na pilipili manga. Alisubiri walimu wengine watoke ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, wale uliokaa nao ni waoaji," alisema. "Shamba analolima kila mmoja ni la ukoo wa mkewe. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wenyewe hujawaita."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Wajomba."

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu mtoto ni wa baba, na neno la baba likishatoka limetoka. Nilisoma ualimu Kigurunyembe, pale chini ya mlima nje kidogo ya mji wa Morogoro, na nilifundisha miaka mingi katika mkoa huohuo, lakini mjini mambo ya ukoo hayaonekani kwa mwalimu wa darasa. Huandika jina la baba kwenye rejista ya uandikishaji na kuendelea na kazi. Kinole nilijifunza kwamba jina nililoandika halikuwa na mamlaka niliyoyadhania. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa akina mama, na msemaji wa ukoo ni kaka wa mama. Anayeamua kama mtoto aendelee na shule, aende kufanya kazi za ndani Dar es Salaam au akae ndani kama mwali, mara nyingi ni mjomba na bibi mzaa mama. Hata uchifu unafuata njia hiyo. Kinole ndiko makao ya Chifu Kingalu, na cheo hicho hurithiwa na mpwa, mtoto wa dada. Serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchini mwaka 1963, lakini heshima ya Chifu Kingalu katika mambo ya ardhi, mvua na mila haikufutika, na soko kuu la Morogoro mjini leo linaitwa kwa jina la Kingalu.

Basi nikaanza kuwatafuta wajomba. Barua za kutuma kwa mwanafunzi niliziacha, kwa sababu barua ya mwalimu mkuu ikifika nyumbani watu hudhani mtoto kavunja kitu. Nilikwenda kwa miguu, saa kumi jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka shamba. Nyumba za kule hazikukaa pamoja. Moja iko kwenye kilima hiki, nyingine ng'ambo ya kijito, na kati yake kuna migomba, minazi, michungwa, mifenesi na vichaka vya mananasi. Unabisha hodi, unaamkia wakubwa, unakaa kwenye kigoda, unamenyewa chungwa. Kuna nyumba ambayo siku ya kwanza sikusema neno lolote la shule. Niliulizwa habari za Iringa, za mvua ya huko, za wazazi wangu kama wangali hai, nikajibu, nikaaga. Siku ya pili mwenyeji mwenyewe aliuliza: "Na ile shule yetu inaendeleaje?"

Alisema *yetu*. Nilitembea kurudi nyumbani usiku ule nikiwa na furaha ambayo hakuna barua ya pongezi ya ofisi yoyote iliyowahi kunipa.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka sabini, ndiye mwalimu wangu mkubwa katika kazi hii. Nilimweleza kuhusu darasa jipya, mahali litakapojengwa na vipimo vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia habari za matuta. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakoloni walianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Maofisa wa kilimo waliona miteremko mikali na udongo unaosombwa na mvua, wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi mlimani kote. Nia ilikuwa njema. Lakini udongo wa juu wenye rutuba kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuuleta juu ule wa chini usiootesha kitu. Wenyeji walilijua hilo, na hakuna aliyewauliza. Walilazimishwa, waliokaidi wakatozwa faini, mazao yakadhoofu. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wa kulazimisha matuta ukafa.

Mzee alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Hilo darasa lako, nani amekuonyesha pa kuliweka?"

Nilikuwa na ramani kutoka wilayani. Alichukua fimbo, tukaenda pamoja mpaka kwenye kiwanja cha shule, akanionyesha kwa ncha ya fimbo njia ya maji ya masika inayopita palepale lilipochorwa darasa. Wakati wa kiangazi huwezi kuiona, imefunikwa na majani. Akaonyesha sehemu nyingine, juu kidogo, penye mwamba. Nilimwita fundi wa wilaya, akapima upya, akakubali. Masika yaliyofuata maji yalipita palepale aliposema mzee. Nilitoka nje na walimu wenzangu tukasimama kwenye kibaraza kuyaangalia.

Baada ya hapo ujenzi haukuwa tena wa kubembelezana. Kila ukoo ulipewa siku yake. Gari halikuweza kufika shuleni, kwa hiyo mchanga ulitoka mtoni kwa ndoo za kichwani, na mawe yalipokezanwa kwa mikono kutoka chini hadi juu, akina mama wakiimba. Wazee walikaa pembeni kuhesabu ukoo uliofika na uliochelewa, na hakuna ukoo uliotaka kusemwa. Boma likasimama mpaka kwenye renta, fedha za MMEM zikaleta bati na mbao. Darasa lile lipo mpaka leo.

Lakini ushirikiano wa ujenzi ni mwepesi kuliko ushirikiano wa fedha. Watu wa Kinole walikuwa na kumbukumbu mbaya. Walisimulia juu ya mwalimu mkuu wa zamani wa shule fulani aliyevuna karafuu za shamba la shule, na wao wasijue zilikouzwa. Tangu Mwalimu Nyerere atoe andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za vijijini zimekuwa na mashamba ili mtoto ajifunze kazi na shule ijikimu. Ni wazo ninaloliamini kwa moyo wote. Lakini mzazi akiona mwanawe anapalilia shamba la shule na hajui mavuno yameishia wapi, humwambia mtoto abaki nyumbani apalilie la kwao, na sijui utamjibu nini.

Chuo cha ADEM Bagamoyo, ambako nilihudhuria mafunzo ya uongozi, kilinifundisha kutunza vitabu vya fedha vizuri. Kinole nilijifunza kuvitoa vitabu hivyo kabatini. Nilimwomba fundi seremala atengeneze ubao, tukautundika nje, ukutani, upande unaoelekea njia ya kwenda sokoni. Kila mwezi niliandika kwa chaki fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Hata za chaki yenyewe na za kufuli la stoo. Wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao, na nadhani hapo ndipo watoto wengi walipoona faida ya kusoma kwa mara ya kwanza.

Ubao ule ulinisaidia kuliko nilivyotarajia ilipofika mwaka 2016 na elimu bila malipo. Tangazo lilipokelewa kwa shangwe, na lilistahili. Ila vijijini lilisikika kwamba mzazi hana tena wajibu wowote. Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka huo ulifafanua kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa bado ni juu ya mzazi, lakini waraka husomwa ofisini; redio husikika kila nyumba. Mahudhurio ya wazazi yalishuka. Uji wa darasa la kwanza na la pili ukakatika.

Sikubishana na mtu. Niliandika ubaoni kiasi cha ruzuku kama kilivyo: kila mwanafunzi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo zinazofika shuleni ni 6,000. Siku moja asubuhi nilimkuta kijana wa bodaboda amesimama mbele ya ubao na simu yake, anapiga hesabu. Akageuka: "Mwalimu, hii ni shilingi mia tano kwa mwezi kwa mtoto?" Nikamwambia ndiyo. "Ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, vyote?" Ndiyo. Alitingisha kichwa, akawasha pikipiki. Jioni habari ile ilikuwa imefika vitongoji vyote, na ilielezwa vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi.

Suala la chakula lilitatuliwa na akina mama. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku walimu kushika michango ya wazazi, wakuu wenzangu wengi waliona mikono imefungwa. Mimi nilishukuru. Chakula kilihitaji kutoka mikononi mwa mwalimu, kwa sababu popote palipo na mwalimu na fedha pana maneno. Kule mahindi si zao kubwa, kwa hiyo kumwambia mzazi alete debe la mahindi kama wafanyavyo Iringa ni kumwambia akanunue. Akina mama waliamua wenyewe: kila kaya itoe mkungu wa ndizi siku ya gulio, kwa zamu za vitongoji, iuzwe kwa pamoja, fedha zinunue unga, maharage na sukari.

Ninamkumbuka mweka hazina wao alivyofanya kazi. Gulio lilianza alfajiri, ukungu ukiwa bado haujapanda mlimani. Alisimama kando ya Fuso lililokuja kuchukua matunda ya kwenda Dar es Salaam, kanga kiunoni, daftari la kurasa themanini mkononi, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Mikungu ya shule ilipangwa peke yake, kila mmoja umefungwa kamba ya mgomba yenye fundo la kitongoji chake. Dalali alikuja na bei yake. Mama yule hakumjibu. Aliinama, akauinua mkungu mmoja mzito, akamwekea mikononi, akamwacha aushike. "Huo ni mkungu wa mtoto," alimwambia. "Ukitaka kupunja, punja mbele yake." Na kweli, mtoto alikuwa amesimama hapo, na sare yake, ameushusha mwenyewe kwa kichwa kabla ya kengele. Dalali alipandisha bei. Mama akaandika, akamsomea kila mtu kwa sauti alichoandika, akamwita mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi. Sikugusa shilingi. Uji ukarudi, na baada ya muda darasa la saba nao wakawa wanakula mchana.

Kutokana na gulio hilohilo tulikubaliana na serikali ya kijiji jambo jingine: mtoto wa shule asibebe matunda ya mfanyabiashara saa za masomo. Wafanyabiashara walikuwa wakiwatumia watoto kushusha matenga kutoka mashamba ya juu, kwa ujira mdogo, na siku ya gulio madarasa yalikuwa nusu matupu. Kijiji kikaweka faini, na anayetozwa ni mfanyabiashara, siyo mzazi. Mahudhurio ya siku ile yakapanda kuliko yalivyowahi kupandishwa na viboko.

Sasa nieleze jambo gumu, maana wanaozungumzia ujirani mwema wa shule na jamii mara nyingi hulipita haraka. Mwaka 2012 binti wa darasa la sita alipata mimba. Mhusika alikuwa mtu mzima, mwenye gari, ambaye alikuwa ametubebea saruji ya bure kwa moyo mkunjufu na kukaa nasi kwenye vikao. Familia mbili zilishakaa, zikapatana mbuzi na fedha. Mjomba wa binti alikuja nyumbani kwangu magharibi, mtu niliyemheshimu, aliyesimamia siku ya ukoo wake kwenye ujenzi kuliko wote. Aliniomba niandike kwenye rejista kwamba mtoto amehama.

"Mjomba," nilimwambia, "huyu ni mtoto wako kabla hajawa mwanafunzi wangu. Sheria ya mwaka 1998 inakiita kitendo hiki ubakaji, kwa kuwa hajafika miaka 18. Siwezi kuandika amehama."

"Utatugombanisha, Mwalimu."

"Nitaandika yaliyotokea."

Asubuhi nilikwenda kwa mtendaji, na kutoka kwa mtendaji nikaenda polisi. Mwanamume alitoroka. Saruji ya bure ikaisha. Msimu mzima kulikuwa na nyumba ambazo nilipobisha hodi nilijibiwa kwamba wenyewe wako shamba, na moshi unaonekana jikoni. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kwa utaratibu wa wakati ule binti mwenyewe aliondolewa shule. Nilikwenda kumwona alipojifungua, na alipopata nguvu nilimtafutia nafasi ya MEMKWA, ule mpango wa waliokosa elimu ya msingi, katika shule nyingine mbali na kijiji. Bibi yake ndiye aliyembeba mtoto mgongoni ili yeye aende. Ilipofika Novemba 2021, mwaka niliostaafu, Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa mimba kurudi shuleni. Nililia, na sioni haya kusema.

Kilichofuata kwa akina mama kilikuja chenyewe. Mwaka 2013, ule uliofuata mkasa wa binti yule, makungwi na mabibi wa koo tatu walinijia shuleni, wakaketi kwenye mkeka nje ya ofisi, wakaniambia wanataka kuona kalenda. Mila ya Kiluguru humweka mwali ndani, na zamani alikaa muda mrefu sana. Ngoma ya kumtoa huchezwa baada ya mavuno. Miaka yote nilikuwa nikipoteza wasichana wa darasa la sita na la saba kwa njia hiyo, na wengine hawakurudi. Niliwatandazia kalenda ya mihula. Mmoja wao aliweka kidole kwenye likizo ya Juni, akauliza ina siku ngapi. Wakashauriana kwa Kiluguru, kwa muda mrefu. Mwisho wakasema mafunzo ya mwali yataingia humo, na mtihani wa darasa la saba ukiwa Septemba, mwali wa darasa hilo asubiri Desemba. Sikuwaomba waache mila yao. Waliona wenyewe mwalimu anayeweza kukubali kuchukiwa kwa ajili ya binti wa ukoo wao, nadhani, wakaona naye anaweza kukabidhiwa siri za kalenda ya ngoma. Mjomba yule wa rejista naye alirudi kunisalimu, baada ya muda, bila kuligusia lile jambo. Nami sikuligusia.

Mambo mengine yalikuwa madogo, ya kila siku. Msiba ukitokea, walimu wawili walikwenda kwa niaba ya shule na rambirambi, awe Mwislamu au Mkristo, na mtoto wa nyumba yenye msiba hakuandikwa mtoro. Maulidi tulialikwa, Krismasi tulialikwa. Walimu wapya, hasa wa kutoka mijini, nilikwenda nao kwenye nyumba za jirani wiki ya kwanza, wakajulikana kwa majina. Mwalimu anayejulikana hupata chumba cha kupanga kwa bei nzuri, huletewa ndizi, hupelekwa hospitali akiugua usiku. Haombi uhamisho haraka.

Na hapo kwenye uhamisho ndipo ninapotaka kufikisha ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri na maofisa elimu. Nilikaa Kinole hadi kustaafu, na nilipata bahati hiyo kwa sababu hakuna aliyenihitaji kwingine. Katika kata jirani niliona walimu wakuu hodari wakihamishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili: matokeo yakishuka anahamishwa, yakipanda anahamishwa kwenda kuokoa shule nyingine. Haya niliyoyasimulia yalichukua miaka. Akina mama walichukua karibu miaka kumi kuniletea mkeka ofisini. Mwalimu mkuu akipelekwa milimani, aachwe akae angalau miaka mitano, apimwe pia kwa wanaokuja shuleni bila kuitwa, na siku ya makabidhiano mtangulizi wake alipwe posho ya siku chache zaidi ili amtembeze kwa koo zote. Mimi nilimtembeza aliyenipokea kwa gharama yangu. Halmashauri inaweza kulipa.